Itazame Mpaka Mwisho

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, maduka ya vifaa vya kompyuta yalikuwa yameanza kushusha milango ya chuma, na Mkasi alikuwa bado anazunguka mikono mitupu.

Mkasi ni jina alilopewa na watu wa kazi yake. Alikuwa mhariri wa picha na video, za harusi hasa, na alikata vizuri mno. Bibi harusi akipiga chafya wakati wa kuvishwa pete, Mkasi aliiondoa chafya ile hata mwenyewe akaja kuapa kwamba hakupiga chafya siku hiyo.

Lakini siku ile kadi yake ya grafiki ilikufa. Hiyo ndiyo kadi iliyo ndani ya kompyuta, inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Asubuhi ilianza na mstari mmoja mwembamba wa kijani, pembeni kabisa upande wa kushoto. Akaufuta kwa kitambaa, akidhani ni uchafu. Mchana mistari ikawa kumi. Alasiri kioo kikawa cheusi tii, na filamu ya harusi yenye urefu wa saa mbili ikabaki nusu, na mwenyewe anaitaka Ijumaa.

Angeweza kumwomba mteja radhi. Aliyemkosesha raha alikuwa nyumbani.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amehamia kwake wiki iliyopita na masanduku mawili, bila hodi. Kwenye kikao cha familia alikuwa amesema mbele ya watu wazima wote kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na mwanamke anayeishi ndani ya kompyuta. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita. Walimwita Pengo, kwa sababu ya meno mawili ya mbele yaliyong'oka yakagoma kuota. Mkasi hakuwa na mwingine duniani. Mume amezikwa, wazazi wamezikwa, amebaki Pengo. Na sasa kazi ikiharibika, wifi atakuwa na la kuwaambia wakubwa.

Kwa hiyo alizunguka. Duka la kwanza walimletea kadi yenye taa za rangi saba. "Hii kwa gemu inapaa, dada!"

"Sichezi gemu. Nahariri video. Nataka yenye kumbukumbu kubwa, isiyodanganya rangi, na fupi, kasha la kompyuta yangu ni dogo."

Muuzaji alinuna kama aliyetukaniwa mama. Duka la pili kadi zilikuwa zimetumikishwa usiku na mchana mpaka feni zinakohoa. Duka la tatu walikuwa nayo hasa aliyoitaka, ila bei yake ilimfanya acheke peke yake njia nzima hadi kwenye ngazi.

Ghorofa ya juu, mwisho wa korido, mlango mmoja ulikuwa wazi.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Vumbi lililoungua... na kitu kama nywele zilizochomwa.

Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke wa makamo, anasugua meno ya kadi, yale ya kuchomekea, kwa kifutio cha shule, kama mafundi wanavyozisafisha. Taratibu. Bila kuinua macho.

"Tumefunga."

"Mlango si uko wazi?"

"Mlango uko wazi siku zote. Tumefunga."

Mkasi angegeuka aende zake. Lakini aliiona ile kadi mkononi mwa mwanamke: nyeusi, feni mbili, fupi, kumbukumbu ya gigabaiti kumi na sita. Karatasi ya bei ilikuwa imebandikwa ubavuni, na bei ilikuwa nusu ya nusu.

"Ina kasoro gani?"

"Haina. Wenye kasoro ni wanunuzi."

"Nataka kuijaribu."

Hapo mwanamke aliinua macho. Yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Utaijaribu kwa video yako. Iwe na mtu ndani. Usiniwekee maua wala milima. Mtu."

Ombi halikumshangaza sana. Anayenunua kadi iliyotumika huijaribu palepale dukani, na mhariri anayejua kazi huja na faili lake, tena lile zito kuliko yote. Kwenye flashi ya Mkasi faili zito lilikuwa moja. Ni la siku ya kikao. Alikuwa ameisimamisha kamera kwenye stendi na kuielekeza kwenye kiti cha wifi yake peke yake, waziwazi, ili maneno yatakayosemwa yasije yakakanwa. Dakika kumi na moja. Nne za kwanza alikuwa amezirudia mpaka anazijua kwa moyo, kila tusi na kila kidole kilichonyooshwa. Katika dakika ya nne ndipo yeye mwenyewe alipoinuka na kutoka nje akibamiza mlango, kamera ikabaki inarekodi. Zilizofuata hakuwahi kuzitazama. Alikuwa na hasira za kumtosha.

Mwanamke aliuchungulia uso wa wifi kwenye kioo. "Nani huyu?"

"Wifi yangu."

"Mnapendana?"

Mkasi akacheka kwa pua.

"Yuko peke yake humu?"

"Peke yake."

Kifutio kikaacha kusugua.

"Umeitazama mpaka mwisho?"

Kwa wahariri hilo ndilo swali la kwanza kufundishwa. Kazi haitoki mkononi mwako kabla hujaitazama mpaka fremu ya mwisho kabisa, maana aibu hupenda kujificha mwishoni. Mkasi alikuwa amewafokea watu wazima kwa kosa hilo.

"Nimeitazama," akasema.

"Mimi nauliza tu. Huwa wanarudi hapa wakilia, eti sikuuliza."

"Kwani inafanya nini?"

"Inafanya kazi haraka." Mwanamke aliinama juu ya kaunta, akanong'ona. "Na haraka hiyo haitoki hewani, mama. Inatoka kwake."

Mkasi alijiambia kwamba huyu ana wazimu. Lakini chini ya wazo hilo kulikuwa na lingine, na tusimpake mafuta, alilisikia vizuri kabisa. Kama ni kweli, basi na imle.

Akabonyeza.

Hhhhhh...

Feni zilianza kama mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa sana chini ya maji. Video ya dakika kumi na moja ilipita kwa sekunde tatu. Karibu na mwisho, pembeni mwa jicho, aliona kitu kidogo chekundu kikipita. Hakurudi nyuma kuangalia.

Alilipa, akaondoka, na alipofika usiku akaipachika, wifi na Pengo wakiwa wamekwisha lala.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali dirishani, alianza kuitoa filamu ya harusi. Kurenda, wenyewe wanaita: kompyuta inazikusanya fremu zote, picha moja moja, na kuziunga ziwe filamu. Kwa kadi ya zamani ilikuwa kazi ya saa nne. Hii iliandika kwenye kioo: dakika tisa.

Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi. Kule sebuleni wifi alikuwa anakunja nguo, ameinua shuka mikono juu.

Halafu alikuwa mlangoni.

Hakutembea. Mkasi alikuwa anamtazama, na hakumwona akitembea. Kule nyuma shuka lilikuwa ndiyo kwanza linaanguka, peke yake, taratibu.

Wifi alijishika fremu ya mlango. "Nimefikaje hapa?"

"Kwa miguu, wifi. Kuna njia nyingine?"

"Nilikuwa nakunja..." Akaitazama mikono yake mitupu. Akaondoka bila kugombana, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Filamu ilitoka. Rangi zake zilikuwa tamu, hakuna hata fremu moja iliyokwama. Ijumaa mwenye harusi aliitazama akatoa machozi, akawaambia shoga zake, na shoga zake wakaja na harusi zao. Mkasi alifanya kazi kama aliyepagawa. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, haikumchukua siku tatu kuelewa. Akirekebisha picha moja, wifi alikwama kidogo tu, kama kope iliyokataa kufunguka. Akirenda filamu nzima, wifi alipoteza robo saa.

Siku moja birika lilikutwa sakafuni na mkono wa wifi umeungua mpaka kwenye kiwiko.

"Nilikuwa nimelishika," alisema, akiutazama mkono kama wa mtu mwingine. "Halafu nilikuwa sijalishika. Hapo katikati sipo, wifi. Kuna mahali kwenye siku zangu sipo."

"Uzee huo."

"Nina miaka arobaini na mbili!"

"Basi kapumzike kwenu."

Tuseme ukweli, alifurahi. Alimwona wifi akifungua sanduku na jioni kusahau kama alikuwa anapanga au anapangua, na akafurahi. Hata usiku nyumba ilitulia. Zamani wifi alikuwa mtu wa kukohoa na kuzunguka na kutia dosari sufuria. Sasa, Mkasi akishazima kompyuta saa nne, hasikii kitu. Wifi na Pengo, waliokuwa wakilala chumba kimoja, walilala kama magogo. Shule zilikuwa zimefungwa, hakuna aliyehitaji kuamshwa. Saa mbili asubuhi Mkasi akibonyeza swichi ya kompyuta, ndipo anasikia vitanda vinalia na watu wanapiga miayo. Dakika ileile. Aliona wameanza kumheshimu.

Mara moja wifi alikuja akasimama karibu na kiti chake. Amekonda, macho yameingia ndani. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa chumbani, na Mkasi alikuwa katikati ya kurenda.

"Wifi, nisikilize. Achana na mambo yangu mimi. Huyu mtoto na..."

Akakatika. Mdomo wazi. Kisha akawa kwenye kochi kule sebuleni, amelala kifudifudi.

Mkasi hakumfuata kumuuliza anamaliziaje. Kazi ilikuwa imebakiza dakika mbili.

Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, kazi ikiwa inatoka, alinyoosha mgongo akachungulia dirishani. Pengo alikuwa juu ya ngazi za nje na mpira wake kifuani.

"Mama, nitazame, nita..."

Pengo alikuwa chini.

Ngazi kumi na mbili, na mtoto alikuwa chini, amesimama vilevile, mikono vilevile kifuani, haina kitu. Mpira ulikuwa bado uko juu. Ulidunda ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ulishuka zote peke yake, bila haraka, mpaka ukamgusa mtoto miguuni, naye akaangalia chini akaanza kulia.

Mkasi alirudi mezani. Akaisimamisha kazi. Akalifungua faili la kikao.

Dakika ya nne. Kiti chake kinasukumwa, mlango unabamizwa. Dakika ya tano, wifi anajifuta uso na upindo wa khanga. Kisha akaanza kusema, na sauti haikuwa ile.

"Nimesema kwa ukali, nisameheni. Simtaki mtoto. Mtoto ni wa mama yake. Lakini huyu mwanamke halali, hali, tangu kaka amefariki ameng'ang'ania kile kiti. Atakufa pale. Mkiniruhusu nitahamia kwake, nipike, nifue, nimshikie mtoto. Atanitukana, najua. Acheni anitukane."

Mkasi alitaka kufunga. Hakufunga.

Dakika ya tisa, kitambaa cha meza kilitikisika. Mkono mdogo ulitokea chini yake. Kifundoni ulikuwa na bangili nyekundu ya plastiki.

Mkasi alikuwa amewatoa watoto wote nje siku ile. Alikuwa amemtoa Pengo kwa mkono wake mwenyewe.

Pengo alitambaa akatoka chini ya meza, akapanda mapajani kwa shangazi yake, akakaa. Alikaa dakika mbili nzima. Kwenye fremu ya mwisho kabisa alikuwa anaitazama kamera, anacheka, na lile pengo lake.

Alifanya ambalo mama yeyote angelifanya. Alizima kompyuta palepale, akafungua kasha, akaichomoa kadi ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye kitambaa. Kufika mlangoni akapaza sauti, "Natoka, narudi sasa hivi!" Sebuleni hakuna aliyejibu. Alidhani wifi amenuna, hakugeuza hata shingo.

Jua lilikuwa linazama alipofika ghorofa ya juu. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke alikuwa anasugua kadi nyingine.

"Tumefunga."

"Mwanangu yumo!"

"Niliuliza."

"Mtoe!"

"Mimi nauza, mama. Kutoa sijui. Aliyeniachia hizi naye alikuwa hajui." Kifutio kilikwenda, kikarudi. "Usiipe kazi, basi. Isipofanya kazi haichukui. Iwashe, iache ikae tu."

Mkasi alikiweka kile kitambaa juu ya kaunta, akakifungua.

Kwa mara ya kwanza uso wa mwanamke ulibadilika.

"Umeichomoa." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Wakiwa wamelala?"

"Ni jioni hii. Wako macho. Nimewaacha sebuleni..."

"Kimbia."

Alikimbia. Aliangusha kiatu kimoja barabarani akakiacha. Alipofungua mlango wa nyumba hakusikia kitu, hata pumzi.

Walikuwa kwenye mkeka. Wifi alikuwa anamsuka Pengo. Chanuo lilikuwa hewani, halijashuka. Pengo alikuwa amekunja uso, mdomo wazi katikati ya neno. Nzi alikuwa anatembea shavuni kwake. Mkasi alimwona akipanda taratibu, akasimama, akajisugua miguu, akaendelea mpaka juu ya jicho la mtoto lililo wazi.

Jicho halikupepesa.

Akamgusa. Alikuwa wa moto. Akamtikisa. Alikuwa mzito kama kitu kilichopigiliwa sakafuni.

Hakumbuki alivyoirudisha kadi. Anakumbuka skrubu iliyodondoka. Akabonyeza swichi. Kimya. Kimya... Kisha:

Hhhhhh...

"...uma, shangazi!" Pengo alipiga kelele kule sebuleni. "Umenivuta, inauma!"

"Haya, pole, pole mama."

Mkasi alikaa chini ya meza, palipo na nyaya, akalia mpaka giza likaingia.

Tangu siku hiyo kompyuta haijazimwa. Ina betri mbili za akiba, kubwa, kwa ajili ya umeme kukatika. Kazi za watu anazifanya kwenye mashine ya kuazima, ya polepole, na wateja wameanza kumkimbia. Hajali. Mkasi alimweleza wifi yote, kuanzia dukani mpaka nzi. Wifi alisikiliza akamaliza. Hakutukana. Alikwenda akachukua kiti cha sebuleni, akakiweka mbele ya ile kompyuta, akakaa, Pengo mapajani. Hiyo ikawa zamu yake, mchana kutwa. Usiku ni zamu ya Mkasi. Wanapishana mlangoni bila kusalimiana, na kwa miezi saba wifi hakumsemesha neno.

Pengo ameota meno. Jina limebaki.

Asubuhi ya leo Mkasi alikuwa anamaliza zamu yake, wifi akiwa amekwisha kaa, mtoto anamchezea vidole. Kioo kilikuwa kinawaka kama kawaida. Pembeni kabisa, upande wa kushoto, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba wa kijani.

Mkasi alichukua kitambaa akaufuta. Akaufuta tena. Akatia mate kwenye kidole, akasugua.

"Ni uchafu?" wifi akauliza.

"Ni uchafu," Mkasi akasema, akaendelea kufuta.